Shamba Moja, Miaka Minne

Ndugu msomaji, usishangae. Najua jarida hili ni la hadithi, mashairi na uhakiki wa vitabu, na mimi mwenyewe nilishawaahidi wahariri uhakiki wa riwaya. Riwaya hiyo itasubiri. Safari hii nahakiki chupa nne za mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa. Zote ni za shamba moja na mkulima mmoja, na lebo zake ni zile zile. Tofauti ni mwaka wa mavuno tu: 2016, 2017, 2018 na 2021. Anayesema chupa haihakikiwi asome mpaka mwisho, halafu amwandikie mhariri barua. Na wale wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, wasifunge ukurasa. Mmoja wa majaji wangu hanywi hata tone, na ndiye aliyetushinda sote, kama mtakavyoona.

Mimi ni mtunza stoo wa mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam, upande wa baharini ambako wateja wanalipa kwa kadi. Kidato cha Nne nilimaliza. Cha Tano sikukiona. Mchana nahesabu katoni, usiku naandika riwaya ambayo imefika sura ya tisa kwa mara ya tatu sasa, maana kila nikifika hapo narudi kuirekebisha sura ya kwanza. Mwezi uliopita alikuja muuzaji wa vinywaji, jamaa mwenye shati la pasi kali na simu mbili, akiwa na masalio ya ghala lake: mvinyo wa Castillon, mavuno ya miaka minne. Madam, mwenye mgahawa, alikuwa na hela ya katoni kumi tu. Akaniambia: "Wewe si ndiye unayejidai msomaji? Chagua. Ila zikilala stoo, tutaongea mwisho wa mwezi." Kila aliyewahi kuajiriwa anajua maana ya kuongea mwisho wa mwezi.

Muuzaji akanivuta pembeni, akanionyesha kwenye simu jedwali la miaka. Bordeaux nzima, kila mwaka na alama yake, kama matokeo ya mtihani wa taifa. 2016 juu kabisa, 2018 inafuatia, 2017 wastani, 2021 mkiani. Na bei zake zilifuata jedwali hilo hilo. "Dogo," akasema, "kwenye waini mwaka ndiyo kila kitu."

Sentensi hiyo ndiyo ninayogombana nayo hapa.

Castillon ni mji mdogo kando ya mto Dordogne, mashariki ya Bordeaux. Wanahistoria wanaujua kwa vita vya 1453, pale Waingereza waliposhindwa na Vita vya Miaka Mia vikaisha. Wanywaji wanaujua kwa ujirani wake na Saint-Émilion, ambako chupa ya shamba lenye jina kubwa inaweza kumaliza mshahara wangu wa miezi kadhaa. Sasa angalia: vilima havisimami mpakani. Chokaa na mfinyanzi vinaendelea upande wa pili, na zabibu ni zile zile, Merlot kwa wingi na Cabernet Franc pembeni. Kinachosimama mpakani ni bei. Castillon ilipata haki yake kamili ya jina mwaka 1989, na mwaka 2009 ikajiunga na majirani wengine wa bei nafuu chini ya jina la Côtes de Bordeaux. Yale madaraja maarufu ya Bordeaux yaliyopangwa mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho ya Paris, hayakuigusa. Kwa kweli yalipangwa kwa kufuata bei za siku zile, kwa hiyo hata uhakiki ule ulikuwa wa dalali.

Na mwaka una kazi gani hasa? Kwetu Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kuandika mwaka peke yake kungeacha swali. Bordeaux ni mara moja tu. Mzabibu unalala majira ya baridi, unachipua kati ya Machi na Aprili, unatoa maua Juni, unavunwa Septemba mpaka Oktoba. Jua likizidi, sukari inazidi ndani ya zabibu, na sukari hiyo ikichachuka inakuwa kileo. Baridi ikizidi, uchachu unabaki. Ngozi na kokwa zinaleta ule ukakasi unaobana ulimi kama bibo au kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Sheria za Ulaya zinataka angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe za mwaka unaoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo mwaka si pambo, nakubali.

Lakini jedwali! Wakati wa mavuno haya Bordeaux ilikuwa na zaidi ya hekta 100,000 za mizabibu, bondeni na kilimani, kwenye kokoto na kwenye mfinyanzi, na yote hayo yanapewa alama moja. Ni sawa na kusema riwaya zote za Kiswahili za mwaka fulani zinapata 92 kwa mia. Mtindo huu wa kuhesabu kwa mia ulivumishwa na Robert Parker, mwanasheria Mmarekani aliyeanzisha jarida lake la mvinyo mwaka 1978. Aliusifu sana mwaka 1982 wa Bordeaux wakati wenzake kadhaa wakisitasita, na jina lake likapaa. Alistaafu mwaka 2019, ila alama zimebaki mezani kwa wauzaji wote. Yeye simlaumu, maana alionja. Namlaumu yule anayenunua alama bila kuonja, halafu anaiuza kwangu.

Basi nikafanya mambo kwa haki. Nilizifunga chupa kwa magazeti, nikazipa herufi, nikamwomba dada wa kaunta azichanganye nisiwapo na azipange upya. Majaji tukawa watatu: mimi, yeye, na mpishi mkuu, mtu mzima wa Tanga ambaye hanywi kwa sababu ya dini yake. Nilimwendea kwa aibu. Akasema kunywa hapana, kunusa ataweza, kwani harufu ndiyo kazi iliyomlea. Kila mtu alipewa daftari.

Shida ya kwanza ikawa lugha. Karatasi ya muuzaji ilikuwa na maelezo ya wataalamu: matunda meusi ya vichakani, mwerezi, tumbaku, ngozi. Tumbaku naijua, bibi yangu alikuwa na kopo la ugoro. Mwerezi naujua ule wa Lebanoni, ndani ya Biblia. Hayo matunda ya vichaka vya Ulaya sijawahi kuyaweka mdomoni, na siwezi kuapa kwa kitu nisichokijua. Tukakubaliana kuandika tulichowahi kula. Nawashauri wenzangu mnaoandika hadithi zenye theluji mlizoziona kwenye sinema mlifikirie jambo hilo.

Chupa A karibu inipotoshe. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na ndani mna harufu ya kitu kilichochemshwa. Ningekuwa mhakiki mvivu ningemshukia mkulima. Lakini hiyo ni kazi ya joto: kontena lililokaa juani, au ghala lisilo na feni. Mvinyo ukipata joto kali unatanuka, unasukuma kizibo, na matunda yanakufa. Ni kitabu ambacho kurasa zake zimefungwa juu chini kiwandani. Huwezi kumsema mwandishi. Nikafungua chupa nyingine ya mwaka ule ule, hiyo ikawa salama.

Rangi yake nzito, kama zambarau zilizopondwa. Funda la kwanza linakukumbatia, la pili linakubana, la tatu unatafuta maji. Dada wa kaunta akapiga meza: "Hii ndiyo waini!" Mpishi akanusa mara moja, akasogeza glasi: "Jemu imeshika chini ya sufuria." Tulipofungua gazeti ilikuwa 2018, kileo asilimia 14.5. Mwaka ule ulianza kwa mvua nyingi na ugonjwa wa ubwiri vinyoya, uliowanyang'anya wakulima wengine karibu shamba zima, hasa waliokataa dawa za viwandani. Kisha kuanzia Julai jua likawaka bila kupumzika, na waliobakiwa na zabibu wakavuna sukari. Hii chupa ina kila kitu na inataka ukijue chote kwa wakati mmoja. Kila sentensi ina radi. Mwandishi wa namna hii namfahamu sana: ni mimi, kuanzia sura ya kwanza mpaka ya nne.

(Nitoke nje ya mada kidogo, maana hili lilinifurahisha. Dawa ya kale ya ubwiri huo ni mrututu uliochanganywa na chokaa, na duniani kote inaitwa mchanganyiko wa Bordeaux. Miaka ya 1880 profesa Millardet aliona mizabibu ya kando ya barabara haiugui. Kumbe wenye mashamba waliipaka dawa ile ya kijani-buluu ili wapita njia waogope kuiba zabibu! Akaichunguza, akaitangaza mwaka 1885. Babu yangu kule Kilimanjaro alinyunyizia kahawa yake dawa za namna hiyo hiyo ya shaba, na shati lake la shambani lilikuwa buluu mabegani mpaka anazikwa. Hakujua kwamba alikuwa akitembea na Bordeaux mgongoni.)

Chupa B nilitaka kuipenda, na hapa naungama. Kabla sijaonja chochote nilikuwa nimeshaandika kichwani mwanzo wa makala hii. Ungesema hivi: mwaka mkubwa unamficha mkulima mbaya, mwaka mdogo unamfichua mkulima mzuri, kwa hiyo mwenye hela kidogo anunue miaka midogo. Nadharia tamu. B ikaja na harufu ya majani mabichi na pilipili hoho, ikaanza vizuri, halafu katikati pakawa patupu. Unameza na hakuna kinachobaki ila uchachu. Dada wa kaunta akaandika: "kama juisi iliyoongezwa maji." Mpishi hakuandika kitu. Ilikuwa 2021. Mwanzoni mwa Aprili mwaka ule baridi ilirudi ghafla usiku, umande ukaganda juu ya machipukizi, na wakulima wakawasha maelfu ya mishumaa mashambani ili kuyaokoa. Nilipolisoma neno hilo nilicheka peke yangu stoo, maana sisi wa kurasa hizi tunaitwa waandishi chipukizi. Baada ya baridi ikaja mvua, kisha ubwiri, kisha kiangazi kisicho na joto la kutosha. Sheria inawaruhusu wa Bordeaux kuongeza sukari kabla ya mvinyo kuchachuka miaka ya namna hiyo, utaratibu unaobeba jina la Chaptal, waziri wa Napoleon. Wengi walifanya hivyo. Lakini sukari inaongeza kileo tu, nyama haiongezeki. Mkulima wetu hakuharibu kitu. Usafi wa kazi unauona. Hakupewa, basi. Kuna miaka mibaya kweli, na nikikataa hilo nitakuwa nawadanganya.

Chupa C ikaivunja nadharia yangu upande wa pili. Mpishi aliishika glasi puani muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Akasema: "Huyu hana haraka." Mimi nilipoonja sikuandika chochote kwa dakika nzima. Kuna zambarau, ndiyo, lakini zambarau ya mtini, yenye ngozi. Ukakasi unakamata ulimi halafu unauachia taratibu, kama mtu anayekupa mkono akiwa na maana ya kukusalimu. Uchachu upo, umekaa chini, unabeba yote. Tuliiacha saa nzima, tukaonja tena, ikawa imefunguka: harufu ya udongo wa kwanza wa mvua, na ule ugoro wa bibi. Ilikuwa 2016. Nusu ya kwanza ya mwaka ule mvua ilinyesha sana, kuanzia Juni ikakata, likaja jua refu lenye usiku wa baridi, na mizizi ilikuwa na akiba ya maji chini ya mfinyanzi. Mavuno yakawa mengi na mazuri pamoja, jambo ambalo ni nadra. Kwa hiyo jedwali lilisema kweli. Kumbe mwaka mkubwa unaweza kumfikia hata mkulima wa Castillon anayeuza bei ya chini, na usimvimbishe kichwa. Ni chupa bora kati ya hizi nne, tena kwa mbali. Nimeyasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeshindwa hoja.

Sasa D. Juu ya D tuliandika maneno machache kuliko zote. Mimi: "nyepesi, safi." Dada wa kaunta: "sawa." Mpishi: "inanukia chakula," na sikumwelewa mpaka baadaye. Tulikuwa tumeshaletewa sahani ya samaki wa kupaka na mishikaki iliyobaki jikoni, tukawa tunakula huku tukibishana kuhusu C na A, nani mkubwa. Tulipomaliza kubishana chupa ya A ilikuwa imepungua robo. C tulikuwa tunaitunza kama dawa. Iliyokuwa tupu ni D, na hakuna aliyekumbuka kuimimina.

D ni 2017, ile ya alama za wastani. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule barafu iliipiga Bordeaux, na mavuno ya mkoa mzima yakashuka kwa karibu asilimia 40 yakilinganishwa na 2016. Lakini hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama mabondeni. Waliolima chini walipoteza mashina kwa mashina. Waliolima mteremkoni, wengi walipona. Shamba letu, kwa karatasi ya muuzaji mwenyewe, liko mteremkoni. Halikuguswa! Sasa kwa nini mkulima yule abebe alama ya msiba wa jirani yake?

Hapa ndipo moyo ulipopanda. Sisi nasi tuna jedwali letu. Kila tukikaa na wakubwa wa fasihi tunaambiwa miaka ya sabini ndiyo ilikuwa mavuno, Kezilahabi alitoa Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975. Ninyi mmezaliwa baada ya barafu. Wachapishaji hawana hela, wasomaji wako kwenye simu. Mhariri mmoja niliyempelekea sura tatu alizirudisha bila kuzifungua; uzi niliozifungia ulikuwa na fundo langu mwenyewe. Alinipima kwa mwaka. Mimi sidai kwamba mwaka wetu ni 2016. Inawezekana kabisa kwamba ni 2021, na nimeeleza 2021 ina ladha gani. Nadai chupa ifunguliwe.

Turudi stoo. Hoja ya mwisho ilikuwa ya mezani. Wateja wetu wanakula pweza, samaki na nyama ya mkaa, nje, kwenye joto la nyuzi 30. Mvinyo mwekundu kwa hali hiyo unahitaji kukaa kwenye friji nusu saa kabla ya kupelekwa, wasomi wakasirike wasikasirike. Nilijaribu. 2018 ikipoa ukakasi wake unakuwa mgumu kama kamba ya katani, na ikipata joto kileo kinapanda puani. 2016 inanung'unika, inataka utulivu na muda, na kwa bei yake Madam angepata katoni sita tu. 2017 ikipoa inachangamka. Nikamwandikia Madam ukurasa mmoja: nunua 2017, katoni zote kumi.

Muuzaji alicheka. "Dogo, utamwuzia nani mwaka huo?" Nikamwuliza kama anajua hali ya yule mkulima sasa, maana nimesoma kwamba kuanzia 2023 wakulima wa Bordeaux walianza kulipwa euro 6,000 kwa kila hekta wang'oe mizabibu, karibu hekta 9,500 mpango wa kwanza, kwa kuwa mvinyo wa bei nafuu umekosa wanywaji. Mwaka huo huo serikali ya Ufaransa ilitenga euro milioni 200 ili mvinyo uliozidi ukachujwe uwe spiriti ya viwandani. Akasema yeye anauza tu, habari za shambani hapelekewi. Nikaitazama tena ile nyumba ndogo iliyochorwa kwenye lebo.

Madam alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama. Akanunua sita za 2017 na nne za 2018, hizo nne, alisema, kwa ajili ya wanaosoma namba. Chupa moja ya 2016 niliinunua kwa hela yangu, inakatwa kwa awamu mbili. Sina pahala pa baridi chumbani kwangu, kwa hiyo imelala kwenye friji ya stoo nyuma ya maziwa, na mpishi anailinda. Mpaka naandika haya, 2017 zimetoka katoni mbili na chupa tatu. 2018 katoni mbili kamili. Mwisho wa mwezi ni Ijumaa.